Hodi, Macho na Baraza: Namna ya Kuishi kwa Staha katika Mitaa ya Lamu

Vichochoro vingi vya Lamu ni vyembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono yake miwili huzigusa kuta za pande zote mbili. Humo hupita kila mtu: mama anayetoka sokoni na kikapu chake, mvulana anayekimbilia madrasa, fundi aliyebeba mbao begani, na punda waliosheheni mchanga ambao hawampishi yeyote. Katika mji wa namna hiyo, wanaume na wanawake wasio na udugu hupishana kwa ukaribu mara nyingi kwa siku, na lau kusingekuwa na utaratibu unaojulikana na wote, kila kupishana kungekuwa adha. Utaratibu huo upo, na wazee wetu waliuita staha, nao waliuchota katika mafundisho ya Uislamu juu ya haya na kujisitiri. Nauandika hapa kwa ajili ya vijana waliozaliwa ndani yake bila ya kuelezwa sababu zake, na kwa ajili ya wanaohamia Lamu kwa kazi au kwa ndoa, ambao mara nyingi huambiwa kwamba wamekosea bila ya kuonyeshwa namna iliyo sawa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike kabla ya kuendelea. Wengi wetu tukisikia neno stara hufikiria nguo, na tukifikiria nguo hufikiria nguo za mwanamke, basi mazungumzo yote yakaishia kwenye buibui. Mavazi yana mahali pake na nitayafikia. Hata hivyo, kipimo ambacho mimi nakitumia ni hiki: katika kila jambo unalolifanya mbele ya mtu wa jinsia nyingine, je, umempa nafasi ya kujisitiri au umemnyang'anya? Anayepiga hodi na kungoja amempa mwenzake nafasi. Anayekohoa kabla ya kukata kona amempa mwenzake nafasi. Maelekezo yote yaliyo hapa chini yametoka katika kipimo hicho.

Anza na macho yako

Katika Sura An-Nur, aya ya 30 inawaamrisha wanaume Waislamu wainamishe macho yao na wazilinde tupu zao, na aya ya 31 ndiyo inayowageukia wanawake kwa amri hiyo hiyo, kisha ikaongeza habari ya shungi na mapambo. Mpangilio huo una uzito wake. Mwanamume ametangulizwa, naye ameamrishwa kuhusu jicho lake mwenyewe bila ya sharti lolote juu ya mavazi ya yule anayemwona. Kwa hiyo kijana anayejitetea kwamba alikodoa macho kwa sababu msichana hakuvaa vizuri, hana hoja katika aya hii. Awe aliyepita ni binti wa jirani ndani ya buibui au mtalii aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Manda akiwa na kaptula, amri iliyo juu ya jicho la mwanamume ni ile ile.

Namna ya kuitekeleza si ngumu, ila yataka mazoezi. Jarir bin Abdallah alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kuona kwa ghafla, akaamrishwa augeuze uso wake. Ali bin Abi Talib naye aliusiwa asifuatishe jicho kwa jicho, kwani la kwanza amesamehewa na la pili hana ruhusa nalo. Basi ukikutana na mtu ghafla kwenye kona, usibabaike wala usijilaumu kwa kumwona. Lipeleke jicho pengine, kwenye njia iliyo mbele yako au kwenye ukuta, na uendelee na safari yako. Kosa huanza pale unapopunguza mwendo ili upate la pili, au unapogeuka nyuma baada ya kupishana, jambo ambalo mwanamke hulijua hata asipokuona, kwa kuwa nyayo zako zimenyamaza.

Ni lazima niseme vilevile kwamba kuinamisha macho si kumpuuza mtu. Nimewaona baadhi ya vijana wema ambao, kwa kuogopa kukosea, humpita mama mwenye mzigo kama vile wanapita nguzo. Huko si kustahi. Ukifika kwenye mdomo wa kichochoro na ukamwona mwanamke ndani yake, hasa akiwa na mzigo au mtoto, simama nje umngoje atoke, au kama mmeshakaribiana, geuka ubavu, uupe ukuta bega lako na umwachie sehemu pana ya njia. Toa salamu kwa sauti ya kawaida, "Assalaam alaykum", bila ya kuivuta wala kuifuatisha na maswali. Akiwa mtu mzima mwite mama au bibi, na ikiwa desturi ya nyumbani kwenu ni shikamoo, mpe shikamoo yake. Akiwa wa rika lako, dada latosha. Mwanamke unayemfahamu kwa jirani ni bora umwite kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kuliko kulitangaza jina lake barabarani. Naye mwanamke huitikia salamu kwa sauti iliyo wazi, akaendelea na njia yake. Hakuna haya inayomzuia kurudisha salamu kwa mzee wake au jirani yake.

Baraza na haki ya njia

Lamu ni mji wa baraza. Viti vya mawe viko mbele ya milango, mbele ya misikiti na kandokando ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kuanzia baada ya Alasiri hujaa wanaume wakinywa kahawa na kuzungumza. Silikatazi jambo hilo, kwani hapo ndipo khitilafu husuluhishwa, maiti hutangazwa, na mgeni hupata wa kumwelekeza. Lakini baraza iko njiani, na njia ina wenyewe.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha masahaba wake wasikae njiani. Wakasema kwamba hawana budi, kwa kuwa hapo ndipo wanapozungumza. Akawaambia kwamba ikiwa ni lazima wakae, basi waipe njia haki yake, na walipouliza haki hiyo ni ipi, akaitaja: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, na kuamrishana mema na kukatazana maovu. Ningetamani kila baraza ya Lamu ikae kwa mpangilio wa maneno hayo, kwa sababu jicho ndilo lililotajwa mwanzo na nasaha zikaja mwisho. Sisi tumezoea kugeuza, tukakimbilia kuwaamrisha wapitaji mema huku macho yetu hatujayashughulikia.

Nilijifunza jambo hili kwa kukosea. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, tulikuwa vijana watano ambao kila jioni tulikaa kwenye baraza moja katika mtaa wa Mkomani. Hatukuwa watu wa matusi na hatukumwita msichana yeyote. Siku moja shangazi yangu aliniita ukumbini, akaniuliza kama nilikuwa najua kwa nini binti wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akienda kusoma kila jioni, siku hizi huzunguka njia ya mbali. Nikamjibu kwamba sijui, na kwamba sisi hatujamwambia neno. "Hamumwambii neno," akasema, "ila mwanyamaza. Mwazungumza na kucheka, yeye akitokea mwanyamaza nyote watano mpaka apite. Kimya chenu kina mato, mwanangu." Mato kwa Kiamu ndiyo macho. Sikuwa na la kujibu, kwa maana ilikuwa kweli. Tulikuwa tumemnyang'anya yule binti njia ya kwao bila ya kufungua vinywa vyetu.

Tangu hapo, hivi ndivyo ninavyowaelekeza vijana wa baraza. Mwanamke akikaribia, endeleeni na mazungumzo yenu kwa sauti ile ile mliyokuwa nayo, isipokuwa kama yalikuwa mazungumzo yasiyofaa, na kama yalikuwa hayafai basi hayakufaa tangu mwanzo. Rudisheni miguu yenu ndani ili asilazimike kuiruka wala kuwaomba mumpishe. Ambaye uso wake umeelekea njia na ageuke kidogo amtazame mwenzake anayezungumza naye. Akitoa salamu, mmoja wenu mkubwa aitikie, na si lazima sauti zote tano zipae kwa pamoja. Akiuliza njia au akitaka msaada wa mzigo, asimame mmoja amsaidie, kisha arudi kitini pake. Akishapita, lisifuatie neno lolote juu yake, liwe la sifa au la lawama: kwamba ni binti wa nani, kwamba amenenepa, kwamba alitoka wapi saa hizi.

Hilo la mwisho lina hatari kubwa kuliko tunavyodhani. Aya ya 4 ya Sura An-Nur imeweka adhabu ya mijeledi 80 juu ya anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya kuleta mashahidi 4, na ikaukataa ushahidi wake baada ya hapo. Neno linaloanzia kwenye kikombe cha kahawa, "nilimwona akishuka kwenye boti na fulani", hufika mtaa wa Langoni kabla ya Magharibi likiwa limeota mbawa, na msichana anayelengwa ndiye wa mwisho kulisikia. Anayelikata neno hilo pale pale barazani, kwa kusema tu kwamba haya hayatuhusu, amesitiri nyumba nzima.

Namna ya kubisha hodi

Nyumba kongwe za Lamu, ambazo kwa ajili yake mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa kuzingatia haya. Mlango haufunguki moja kwa moja kwenye maisha ya watu. Kwanza kuna daka, kibaraza kilicho mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni wa kiume hukaa na kuzungumza bila ya kuona ndani. Ukipita mlango hukutana na ukuta au kona kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani, na baadhi ya nyumba zina sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na sehemu ya wenyewe. Juu ya baadhi ya vichochoro utaona wikio, kile chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili, ambacho kiliwawezesha wanawake wa jamaa moja kutembeleana bila ya kushuka barabarani. Waashi walifanya sehemu yao, na iliyobaki hufanywa na mdomo wa anayebisha.

Simama kando ya mlango, upande wa kulia au wa kushoto, na usiukabili uso kwa uso. Ndivyo alivyokuwa akisimama Mtume (S.A.W.), kwani nyumba za siku zile hazikuwa na mapazia, na hapa kwetu mlango huachwa wazi kwa sababu ya joto. Sema hodi, au toa salamu na uombe ruhusa. Ukiulizwa ni nani, taja jina lako, kwani Jabir bin Abdallah alipobisha akajibu "mimi", na Mtume (S.A.W.) alilirudia neno hilo kama aliyelichukia, na kwa kweli jawabu la "mimi" halimsaidii mama aliyeko jikoni kujua iwapo avae ushungi wake au aje kama alivyo. Baina ya hodi moja na nyingine ngoja muda wa mtu kukausha mikono, kutafuta leso na kujitanda. Zikitimia tatu bila ya jawabu, rudi, na usirudi na kinyongo, kwa kuwa aya ya 28 ya sura hiyo hiyo imesema kwamba kurudi unapoambiwa urudi ni usafi zaidi kwako. Huenda mna mtu ndani ambaye hakuwa tayari kuonekana wala kusikika, na hawajibiki kukueleza kwa nini.

Yule mtu aliyechungulia kupitia tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.), huku Mtume akiwa na kitana cha chuma mkononi, aliambiwa kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Kwa hiyo aliyesema hodi huku ameshaingiza kichwa hajabisha hodi.

Ikiwa mwenye nyumba hayuko na mkewe ndiye anayejibu kutoka ndani, toa ujumbe wako kwa ufupi ukiwa hapo hapo dakani, upokee jawabu na uondoke. Mafundi wa umeme na wa bomba nao wana adabu yao: fundi asivuke kutoka chumba hadi chumba mpaka mtoto au mtu wa nyumba atangulie kutoa habari kwamba kuna mgeni, na akimaliza kazi ya chumba kimoja abaki pale aite. Na hili la mapaa lanikera sana. Nyumba za siku hizi zinapandishwa ghorofa, na madirisha yanatazama moja kwa moja kwenye viwanda vya majirani ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa mahali pa wanawake kusuka nywele na kuanika nguo. Kabla ya kupanda juu ya paa, tuma mtu awaarifu jirani wote waliozunguka. Na kabla ya kutoboa dirisha, nenda kwa jirani, kaa naye, mwonyeshe unapotaka kulitoboa.

Mazungumzo ya haja

Wapo wanaoamini kwamba heshima kamili ni mwanamume na mwanamke kutozungumza kabisa. Sivyo tulivyofundishwa. Sura Al-Qasas, kuanzia aya ya 23, inasimulia kisa cha Nabii Musa alipofika kwenye maji ya Madyan na kuwakuta wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Aliwauliza wana nini. Wakamweleza kwamba hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea wanyama wao, kisha akajitenga kivulini. Baadaye mmoja wao akamjia akitembea kwa haya, akamwambia kwamba baba yake anamwita ili amlipe. Ukikitazama kisa hiki kwa makini utakuta mafunzo yote ya duka, ofisi na gatini yamo: swali fupi linalohusu haja, jawabu kamili lisilo na mapambo, msaada unaofanywa hadi mwisho, na mwanamume anayejiondoa baada ya kazi bila ya kubaki pale kuomba shukrani. Mwanamke naye hakunyamaza wala hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe akasema alilotumwa, na haya yake ilikuwa katika mwendo.

Chukua mfano wa boti inayovuka kutoka Mokowe. Boti ikifika gatini huyumba, na mwanamke aliyevaa buibui, mwenye mtoto mkononi na mfuko begani, anahitaji kuruka hadi ngazini. Vijana wengi humnyooshea mkono na yeye hubaki katika hali ngumu, kwa kuwa sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii tumefundishwa kutoshikana mikono na asiye maharimu, yaani asiye ndugu wa karibu ambaye ndoa naye ni haramu. Fanya hivi: pokea mfuko wake kwanza uuweke nchi kavu. Mpokee mtoto kama atakupa. Sasa mikono yake mitupu imepata nafasi ya kushika nguzo au ukingo, na mara nyingi atapanda mwenyewe. Ikiwa bado anahitaji pa kushika, kaza mkono wako uliofunikwa na nguo, au umwachie bega, naye achague. Ikiwa anaanguka, mshike, kwani hiyo ni dharura na hakuna wa kukulaumu.

Katika ofisi au dukani, mtu wa jinsia nyingine akikunyooshea mkono kwa kutojua, weka kiganja chako kifuani, uiname kidogo na utoe salamu kwa uso mkunjufu, ili aelewe kwamba umemheshimu na wala hukumdharau. Bibi Aisha amesimulia kwamba mkono wa Mtume (S.A.W.) haukuwahi kugusa mkono wa mwanamke asiye wake katika kupokea kiapo cha utii, aliwapokea kwa maneno, na hakuna aliyerudi akijiona amefedheheka.

Kukaa peke yao chumbani, mwanamume na mwanamke wasio maharimu, kumekatazwa kwa hadithi iliyo wazi, na hapa hatua ni nyepesi: acha mlango wazi, au mwite mtu wa tatu, au hamieni dakani. Naomba wanaokaa nyumba za pamoja wawe waangalifu zaidi kwa mashemeji. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya ndugu wa mume alisema kwamba huyo ni mauti, na sisi ndio tuliozoea utani wa shemeji, wa kuingia bila ya hodi kwa sababu eti ni nyumba ya kaka. Nyumba ya kaka ina mlango kama nyumba nyingine.

Simu nayo imekuwa chumba. Ujumbe wa kazi uandikwe mchana, kwa maneno ambayo mumewe, mkeo au mama yako akiyasoma hakuna atakayeshtuka, na kazi ikiisha, maandishi yaishe. Mtu akianza kukuandikia saa tano za usiku akitaka kujua kama umelala, hulazimiki kumjibu.

Anayetaka kuoa ana njia yake, na inamruhusu kuona. Al-Mughira bin Shu'ba alipoposa aliambiwa na Mtume (S.A.W.) aende amtazame, kwa kuwa hilo litawafanya wapatane zaidi. Basi mwenye nia atume wazee, aonane na binti mbele ya jamaa zake, aulize na aulizwe. Binti naye aachwe amtazame na aseme ndiyo au hapana bila ya kuharakishwa.

Mavazi

Kwa mwanamume, kilicho wajibu kusitiriwa ni baina ya kitovu na magoti, ila staha ya mji inataka zaidi ya wajibu: kikoi kilichofungwa barabara, shati, na nguo isiyobana. Anayepita Mkunguni kifua wazi akitoka kuogelea, huku akiwalaumu wanawake kwa mavazi yao, amesahau nafsi yake. Kwa mwanamke, ni nguo pana inayositiri mwili, na wanazuoni wamekhitalifiana juu ya uso na viganja.

Buibui ninaloliona likitetewa kana kwamba liliteremka nasi tangu kale, lilienea pwani yetu kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kabla yake wanawake wa nyumba kubwa za Lamu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema kilichoinuliwa kwa miti na kubebwa na wajakazi. Wale wajakazi walitembea wazi, kwa sababu ushungi ulikuwa alama ya mwungwana na mtumwa hakuruhusiwa kujitanda. Stara ya mmoja ilisimamishwa na mikono ya mwingine aliyenyimwa ya kwake. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria huku Kenya mwaka 1907, na wanawake waliokuwa wakizuiwa kujisitiri walivaa buibui kama wengine wote. Nalikumbuka hilo kila ninapomsikia mtu akitumia mavazi kumpandisha mwanamke mmoja na kumshusha mwingine.

Harusi na picha

Siku ya kupamba, wanawake wakiwa peke yao, mabuibui huvuliwa, na nguo, dhahabu, hina na vikuba vya asumini huonekana. Mwanamke anapovua buibui lake mahali pale ameweka amana mikononi mwa kila aliyemo. Picha moja inayotoka humo na kusambazwa huivunja amana hiyo, na hairudi tena.

Mwenye harusi ndiye atangulie. Katika kadi au mwaliko wa mdomo, sema mapema kwamba simu hazitatumika kupiga picha ndani. Mweke mtu mzima mlangoni, mwenye kauli, azipokee simu na kuzifunga katika mifuko yenye majina. Kama mna mpiga picha, awe mwanamke mnayemwamini, na mkubaliane naye kwa maandishi picha zitakabidhiwa kwa nani. Mwanamume aliyetumiwa picha ya namna hiyo asiifungue akitambua ni nini, aifute, amwambie aliyemtumia aifute naye, na asimwonyeshe hata mkewe kwa ajili ya kumuuliza huyu ni nani.

Haya isiyofunga mdomo

Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao; walimuuliza Mtume (S.A.W.) maswali ambayo wengine wangeona aibu kuyataja. Kwa hiyo binti anapoguswa, anapofuatwa njiani, au anaposumbuliwa na mtu mzima ambaye binti mwenyewe anamtegemea kwa masomo au kwa kazi, asiambiwe anyamaze kwa ajili ya haya. Aliyevuliwa haya ni yule aliyemsumbua. Mfundisheni binti aseme "Niondokee" kwa sauti inayosikika, aingie kwenye mlango wowote ulio wazi, na amweleze mtu mzima siku ile ile. Mtu mzima anayeelezwa asianze kwa kuuliza alikuwa amevaa nini wala alikuwa akienda wapi. Na aulize kwanza, "Umeumia?"

Watoto

Aya ya 58 ya Sura An-Nur imetaja nyakati 3 ambazo hata watoto wadogo waombe ruhusa kabla ya kuingia chumbani kwa wakubwa: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Hapo ndipo pa kuanzia, mvulana na msichana sawasawa, kuanzia umri wa kuelewa. Mzazi naye apige hodi kwenye chumba cha watoto, kwa kuwa mtoto ambaye hajawahi kungojwa hatajua namna ya kumngoja mwingine.

Kisha mpe kazi. Katika Ramadhani, kabla ya futari, mpe sahani iliyofunikwa kwa kawa aipeleke kwa jirani. Mwambie asimame kando ya mlango, aseme hodi mara moja, ataje jina lake, kisha ahesabu moyoni mpaka 30 kabla ya kusema ya pili. Mara ya kwanza atahesabu haraka na sahani itakuwa imeanza kumchoma vidole. Mwongezee kitambaa chini ya sahani, na kesho umtume tena.